Ndani: Sifuri

Namelok aliiweka simu juu ya meza, akaisukuma mbele kwa ncha ya kidole.

"Isome wewe, mwanangu," alisema. "Mimi nilisomewa na jirani, nikadhani amelewa."

Sajenti Lesikar aliisoma mara mbili. *Mpendwa Nosim, hongera. Hujakosa kazi hata siku moja mwezi huu. Umechaguliwa mfanyakazi bora wa Juni. Msaada Kazini tunakujali.*

Ilikuwa tarehe ishirini na tano. Nosim, binti pekee wa mama huyu, alikuwa hajaonekana tangu jioni ya tarehe tatu.

Nje ya dirisha la kituo Mlima Meru haukuwepo. Juni huuficha. Wingu hushuka alfajiri na kukaa, mpaka mtu anasahau kwamba nyuma yake kuna kitu kikubwa kinachomtazama.

"Simu hii ni yake, yeyo?" aliuliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Ni yetu. Kule anakofungasha maharage mabichi hawaruhusu simu. Anaiacha kwangu asubuhi, jioni anaikuta."

"Na tangu apotee, hakuna aliyekupigia kuuliza kwa nini haendi kazini?"

"Nani anipigie? Wale wanatuma ujumbe tu. Hawapigi."

Lesikar alifungua faili. Lilikuwa jembamba, na kila karatasi iliyokuwa ndani yake ilimwelekea mtu mmoja: Lucky, dereva wa bodaboda wa Elerai, mchumba wa Nosim. Mashine ya vidole ya shambani Nduruma ilionyesha kwamba Nosim alitoka kazini saa kumi na moja na dakika mbili jioni. Mlinzi alimwona Lucky nje ya lango wakati huohuo, yuko juu ya pikipiki, anasubiri. Baada ya hapo hakuna aliyemwona Nosim tena. Lucky alikuwa mahabusu siku ya tisa, na kwa siku zote tisa alisema jambo moja bila kubadili neno: hakutoka, nilisubiri mpaka kumi na mbili na nusu, hakutoka. Kesho mchana faili lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka. Mkubwa wa Lesikar alishaandika kwa penseli juu ya jalada: mauaji.

"Binti yako aliwahi kumlalamikia Lucky?"

"Alilalamika kwamba anaendesha polepole kama amebeba mayai." Mama alivuta shuka mabegani. "Yule hata kuku anaomba achinjiwe. Mwachie."

"Siwezi kumwachia kwa sababu ya kuku, yeyo."

"Basi nitafutie Nosim."

Lesikar aliandika maelezo ya nyongeza, akamsomea, kisha akamsogezea pedi ya wino. Namelok alibonyeza gumba la kulia kwenye karatasi. Lilitoka duara jeusi tupu. Lesikar alimwomba ajaribu la kushoto. Duara jingine, jeusi, halina mstari hata mmoja.

"Usihangaike," mama alisema. "Mawe yamezila alama. Miaka thelathini nagonga kokoto kule juu. Rundo langu na Nosim unaliona ukiwa barabarani. Alikua na nyundo mkononi mpaka alipopata hii kazi."

Aliinuka. Mlangoni aligeuka.

"Kule kwetu unajua ilivyo. Mtu akishaondoka duniani, jina lake halitajwi tena nyumbani. Kwa hiyo mimi namtaja. Nikiamka, Nosim. Nikiwasha moto, Nosim. Siku utakayonisikia nimenyamaza, ujue nimekubali."

Lesikar alijua ilivyo. Alikuwa na kaka ambaye jina lake halijatamkwa kwao kwa miaka kumi na moja.

*

Ofisi ya Msaada Kazini ilikuwa Levolosi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kulikuwa na meza tatu, kompyuta tatu na ukuta mzima wa majalada yenye majina ya biashara za watu: mikate, mbao, saluni, nyumba za wageni, maua. Agnela, mwenye kampuni, alikuwa mwanamke mrefu wa Marangu, mwenye sauti laini iliyopangwa vizuri.

"Mwenye biashara ndogo hawezi kuajiri ofisa utumishi," alieleza. "Ana watu kumi, ana watu sitini, na ana maharage yanayoharibika. Sisi tunambebea mikataba, likizo, mahudhurio, mishahara, barua za onyo. Tuna biashara arobaini na moja."

"Na watu wao wako wapi?"

Agnela aligusa kompyuta. "Wako hapa."

"Nosim umewahi kumwona?"

"Nimeona picha ya kitambulisho chake."

Lesikar alimwekea simu mbele. Agnela aliusoma ujumbe.

"Huu unatumwa na mfumo wenyewe," alisema. "Kila tarehe ishirini na tano. Unachagua asiyekosa."

"Mliwapa polisi karatasi ya tarehe tatu. Nipe ya tarehe nne."

Aliifungua. Nosim, kuingia, saa kumi na mbili na dakika hamsini na moja asubuhi. Kutoka, saa kumi na moja na dakika mbili. Akafungua ya tarehe tano. Ya sita. Ya kumi. Ya leo asubuhi. Nosim aliingia, Nosim alitoka, Nosim aliingia. Chini yao, dukani, mtu alikuwa anajaribu honi.

"Hii tunaijua," Lesikar alisema taratibu. "Mfanyakazi hewa. Mtu wenu anamweka hai ili ale mshahara wake."

"Mshahara unaingia kwenye namba hiyohiyo, afande. Simu anayo mama yake. Mwizi gani anapeleka hela kwa mama wa marehemu?"

"Nani amekwambia ni marehemu?"

Agnela alimtazama bila kupepesa. "Siku ishirini na mbili. Nyinyi mmemfungia kijana wa watu kwa mauaji. Mimi nimwite nani?"

Lesikar alivuta kiti, akaanza kusoma orodha kama anavyosoma mtu asiyeamini anachosomewa: polepole, kwa kidole, safu moja baada ya nyingine. Ilimchukua nusu saa kuliona. Kila siku, asubuhi na jioni, jina la Nosim lilifuata jina lilelile. Ruth, kisha Nosim. Sekunde nne. Ruth, kisha Nosim. Sekunde tano. Hata mwezi Mei. Hata Aprili, kurudi nyuma mpaka Januari.

"Ruth ni nani?"

"Anafungasha meza moja na Nosim. Ni marafiki, labda wanakuja pamoja."

"Marafiki wanagombana. Marafiki wanaumwa siku tofauti. Na hii safu ya mwisho ni nini?"

"Kidole kilichosajiliwa."

Watu sitini wa shamba lile walikuwa wamesajiliwa gumba la kulia. Mmoja tu alisajiliwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na huyo alikuwa Nosim.

"Gumba likikataa kusomeka," Agnela alisema, "tunajaribu kidole kingine, mpaka kimoja kikubali. Lakini aliyewasajili ameshahama."

Lesikar aliyakumbuka maduara mawili meusi juu ya karatasi.

"Nionyeshe kila kilichofika kwenu kutoka shamba hilo wiki ile. Kila kitu."

Kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa fomu ya usalama ya mwezi, imejazwa na ofisi ya Agnela kwa niaba ya shamba, maswali ishirini, alama ishirini za ndiyo. Cha pili kilikuwa ombi lililotumwa kwa simu tarehe nne saa moja asubuhi na Sankale, mlinzi. Aliomba atolewe zamu ya usiku. Sababu: *nasikia kugongwa.*

"Mlimjibu nini?"

Agnela alisogeza kioo cha kompyuta ili Lesikar asome mwenyewe. *Ombi lako limepokelewa. Aina: sababu nyinginezo. Msaada Kazini tunakujali.*

*

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi Lesikar alisimama ndani ya banda la kufungashia, Nduruma, nyuma ya rundo la kreti tupu. Huku chini hewa ilikuwa kavu, lakini ubaridi wa mlima ulikuwa umemfuata. Wafanyakazi waliingia mmoja mmoja, wamevaa makoti meupe na kofia za wavu. Kila mmoja aliweka gumba kwenye mashine ukutani, na mashine ikamjibu.

"Asante."

Lesikar aliitambua sauti ile. Ilikuwa ya Agnela. Alikuwa ameirekodi mara moja, na sasa ilishukuru watu katika biashara arobaini na moja.

"Asante. Asante. Asante."

Kwenye kioo cha mashine jina lilitokea kwa sekunde tatu, kisha likaja neno moja na tarakimu: *Ndani: 57. Ndani: 58. Ndani: 59.*

Msichana mfupi mwenye macho yaliyovimba alikuwa wa mwisho. Aliweka gumba la kulia. "Asante." Alitazama nyuma. Akainua mkono wa kushoto, akaweka kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayegusa uso wa mgonjwa.

"Asante," ilisema sauti. *Nosim*, kilisema kioo. *Ndani: 61.*

Lesikar alikuwa amewahesabu kwa macho yake. Walikuwa sitini.

"Ruth," aliita. "Usiogope. Mkono huo huo, hebu nione."

Ruth hakukimbia. Alikaa chini palepale, sakafuni, akaficha mkono chini ya kwapa.

"Mashine ilimkataa," alisema. "Siku ya usajili walijaribu vidole vyake vyote kumi. Haikusoma hata kimoja. Yule aliyetusajili akasema, asiyesomeka mfumo haumtambui, na asiyetambuliwa hana kazi. Nosim akaanza kulia. Akasema, basi mwenzake amkopeshe kimoja."

"Tangu Januari unamgongea."

"Kuingia na kutoka. Wenzetu wa mezani wanajua, bosi hajui."

"Na tangu apotee? Kwa nini uliendelea?"

"Ukikosa siku tano mfululizo unatumiwa barua ya kufukuzwa. Nikasema akirudi akute kazi yake." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Halafu siku tano zikapita, nikashindwa kuacha. Nikiacha mimi, nitakuwa nimemzika. Mkono wangu ndio utakuwa umemzika."

Lesikar alichuchumaa ili macho yao yalingane.

"Tarehe tatu jioni. Kidole kilichogonga saa kumi na moja na dakika mbili kilikuwa chako."

"Ndiyo."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa bado anapanga magunia ya mbegu. Aliniambia, nigongee wewe, nitakukuta kwenye lori. Nikamgongea. Lori likaondoka. Nikadhani ameenda na Lucky. Nilidhani alitoka, afande. Kila mtu alisema alitoka."

"Walisema hivyo kwa sababu ya kidole chako, Ruth."

Hakukusudia kumuumiza, lakini neno hilo lilimuumiza. Ruth alifunika uso. Nyuma ya ukuta friji zilikuwa zinaunguruma.

*

Bwana Ezra, mwenye shamba, alikuja anafunga vifungo vya koti. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, na viatu vyake vilikuwa na udongo wa mifereji.

"Sajenti, mambo ya wafanyakazi tulishayatoa nje. Zungumza na Msaada Kazini. Mimi nalima."

"Una watu wangapi leo?"

Ezra alitazama kioo cha mashine. "Sitini na mmoja."

"Wahesabu."

"Mashine haidanganyi."

"Wahesabu, mzee. Kwa mdomo."

Ezra alihesabu. Alipofika sitini alianza upya, na mara ya pili hakumaliza.

Lesikar alimwita mlinzi. Sankale alikuwa mtu wa makamo, mpole, amekonda kwenye mashavu kama aliyetoka kuugua. Mkononi alikuwa na funguo nyingi kwenye waya mmoja.

"Jioni unajuaje kwamba watu wameisha ndani?"

"Natazama mashine. Ikiandika sifuri, nafunga."

"Unachungulia vyumba?"

"Zamani nilichungulia. Walipoleta mashine tukaambiwa hakuna haja."

"Tarehe tatu ulifunga nini?"

Sankale alianza kuzihesabu funguo, moja baada ya nyingine, kana kwamba jibu lilikuwa mojawapo. "Banda. Stoo ya dawa. Kontena la mbegu."

"Usiku ule ulisikia nini?"

Mlinzi alimtazama bosi wake, kisha akatazama chini.

"Kugongwa," alisema. "Upande wa nyuma. Kwanza kwa nguvu. Halafu kidogokidogo. Nilitoka na tochi mpaka kwenye mashine, nikatazama. Sifuri. Nikasema, ndani hakuna mtu, basi hiki si mtu. Nikarudi kibandani nikasali. Nilisali mpaka kukanyamaza."

"Kulinyamaza saa ngapi?"

"Kabla ya jogoo."

"Na hukumwambia yeyote."

"Nilituma ombi. Walisema wamelipokea."

Lesikar alimgeukia Ezra, na Ezra alikuwa ameshabadilika rangi.

"Ni mbegu za viazi," Ezra alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Nazihifadhi kwenye baridi mpaka Septemba. Hazifunguliwi katikati, zinachipua. Asubuhi ya tarehe nne niligonga lakiri kwenye mlango mwenyewe. Sikuchungulia. Ulikuwa umeshafungwa."

"Mlango unafunguka kwa ndani?"

"Mkono wa ndani ulivunjika mwaka jana. Tuliufunga kwa waya."

Swali la kumi na nne, Lesikar alikumbuka. *Milango ya vyumba vya baridi inafunguka kwa ndani?* Ndiyo. Mtu alikuwa amekaa Levolosi, juu ya duka la vipuri, akaweka alama kwenye mlango ambao hajawahi kuutia mkono.

Kontena lilisimama peke yake nyuma ya banda, jeupe, linaunguruma. Lesikar aliipiga picha lakiri, akasoma namba yake kwa sauti ili askari wawili aliokuja nao waiandike, akaikata. Sankale alivuta komeo. Mvuke ulitoka na kuwapita miguuni, ukaenda zake uani.

Pazia la plastiki. Magunia yamepangwa mpaka juu, sawasawa, kazi ya mtu anayejua kupanga. Feni ilivuma kwa nguvu kiasi kwamba mtu aliyekuwa kwenye kona ya mwisho asingesikia mlango unapofungwa.

Alikuwa ameketi nyuma ya mlango, si kwenye kona. Alikuwa amevaa magunia matupu mawili juu ya koti jeupe, na mkononi alikuwa ameshika kipande cha mbao ya kreti, upande mmoja umepondeka. Ukuta wa bati mbele yake ulikuwa na vishimo vidogo, vingi, vya kufuatana, mahali pamoja. Alikuwa amegonga kama alivyofundishwa kugonga jiwe: hupigi popote, unachagua sehemu moja na kuirudia mpaka ipasuke.

Haikupasuka.

Lesikar alivua kofia. Kisha alitoka nje, akapiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa mkubwa wake.

"Futa ile penseli," alisema. "Mtoe Lucky. Alisema kweli tangu siku ya kwanza."

Ya pili ilichukua muda kabla hajaipiga. Namelok aliipokea kwenye simu ileile.

"Yeyo, tumempata."

Kwenye simu ilisikika nyundo ya mtu mwingine, mbali, juu ya kokoto. Kisha ikaacha.

"Wapi?"

"Palepale kazini. Ndani ya chumba cha baridi. Alifungiwa kwa bahati mbaya."

Alisubiri kilio. Hakikuja.

"Mtoto alivaa sweta?" mama aliuliza.

"Alivaa koti, yeyo. Na alijifunika."

"Sawa," alisema Namelok. "Nakuja kumchukua mtoto."

Lesikar alishusha simu. Jina halikutajwa, na alijua halitatajwa tena.

*

Daktari alimaliza saa kumi na nusu. Maelezo yaliandikwa: ya Ezra, ya Sankale, ya Ruth. Agnela aliletwa kutoka mjini na gari la polisi, akasimama kando ya mashine akiwa amejikunyata, na wafanyakazi walipoanza kutoka alilazimika kuisikiliza sauti yake mwenyewe ikiwashukuru, mmoja baada ya mwingine, mara sitini.

Gumba la mwisho lilikuwa la Ruth. Alipolitoa, kioo kiliandika: *Ndani: 1.*

Hakuna aliyeondoka. Lori lilizimwa. Walisimama uani na makoti yao meupe mikononi, wanaitazama tarakimu ile.

"Afande," Ruth alisema. "Niache nimtoe."

Agnela alifungua mdomo, pengine aseme kwamba hiyo ni kumbukumbu ya kesi, haipaswi kuguswa. Lesikar alimtazama, naye akaufunga. Orodha yote ilikuwa imeshachapwa na kusainiwa. Kilichobaki hapo hakikuwa ushahidi.

"Ngoja gari lililombeba lipite lango," Lesikar alisema.

Landkruza ilipita polepole, kama iliyobeba mayai. Ilipofika barabarani na vumbi lake kutulia, Ruth aliinua mkono wa kushoto, akaweka kidole cha shahada kwenye mashine.

*Nosim.* Jina lilikaa hapo sekunde tatu, herufi za kijani, mahali pa mwisho lilipokuwa bado linasemwa.

"Asante," ilisema mashine. *Ndani: 0.*

Sankale alichukua funguo zake. Mkono ulikwenda kwenye mlango wa banda wenyewe, kwa mazoea ya kila jioni, ukashika kufuli. Kisha ukaliachia. Aliusukuma mlango ukafunguka, akaingia, akachungulia nyuma ya kreti na chini ya meza. Akatoka, akaenda kwenye stoo ya dawa, akaifungua. Akaenda kwenye choo, kibandani, kwenye kontena lililokuwa sasa limezimwa na tupu, na katika kila mlango alisimama, akaita kwa sauti ya kawaida, kisha akasubiri muda mrefu kuliko inavyohitajika ili mtu ajibu.

"Kuna mtu humu?"